Dola milioni 7 za Kongresi: ugomvi wa fedha za korona na njia panda ya Komanda

Mwanzoni mwa 2025 Jean-Marc Kabund alitoka gereza la Makala mjini Kinshasa, alikokuwa amefungwa kwa kosa la kumtukana Rais wa Jamhuri. Huko mji mkuu watu walianza mara moja kubashiri siasa zake za kesho. Kwa anayeandika kutoka Komanda, jimbo la Ituri, jina lake linaamsha kumbukumbu ya jana: dola milioni 7. Hiyo ndiyo hesabu aliyoitaja hadharani Aprili 2020, wakati korona ilikuwa na mwezi mmoja tu nchini, na ndiyo iliyowasha ugomvi uliowagawa wakubwa wa nchi katikati ya janga. Wengi husimulia ugomvi ule kuwa ulikuwa wa vifungu vya Katiba. Vifungu vilikuwamo, lakini ulikuwa pia ugomvi wa makuta: nani ayashike, nani ayahesabu, na nani aulizwe yakipotea. Sisi tuliokuwa mbali tuliusikia kwenye redio kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila Komanda kutajwa hata na upande mmoja.

Komanda si kijiji cha pembeni. Barabara ya taifa namba 4 inatoka Beni, inapita hapa na kuingia msituni kuelekea Mambasa na Kisangani. Namba 27 inaanzia hapa, inapanda Bunia na kuendelea hadi Mahagi. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na mabati kutoka Uganda huingia kwa Mahagi, kwa Aru, kwa bandari ya Kasenyi kwenye Ziwa Albert au kwa Kasindi, na sehemu kubwa ya mizigo hiyo hukutana na muhogo, mpunga na kakao ya Irumu na Mambasa kwenye soko letu. Barabara ikifungwa mahali popote kati ya Kampala na Kisangani, siku chache baadaye bei inapanda Komanda.

Tena sisi hatukuanza na korona. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, Kivu ya Kaskazini, ikaingia Ituri, na zone ya afya ya Komanda ilikuwa mojawapo ya zile zilizoandikisha wagonjwa. Mlipuko ule ulikuja kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo zaidi ya 2,200. Kwa hiyo Wakinshasa walipoanza kufundishwa kunawa mikono kwa maji ya klorini, watu wa huku walikuwa wamenawa kwa mwaka na nusu, wamepimwa joto kwenye vizuizi vya barabarani, na wamezika kwa masharti ambayo mila zao hazikuyajua.

Walikuwa pia wamejifunza jambo la pili, nalo ni kwamba ugonjwa huja na fedha. Magari yalikodishwa kwa dola, posho zikalipwa kwa dola, na maneno “Ebola biashara” yakazoeleka kutoka Beni hadi Bunia. Manung'uniko hayo yalifika mahakamani. Dakta Oly Ilunga, aliyekuwa Waziri wa Afya hadi alipojiuzulu Julai 2019, alishtakiwa kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola 400,000 za Ebola. Alikana. Mahakama ya juu mjini Kinshasa ilimhukumu kifungo cha miaka mitano pamoja na kazi ngumu tarehe 23 Machi 2020.

Kesho yake, tarehe 24 Machi, Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya korona. Hukumu ya fedha za janga la kwanza na tangazo la janga la pili zilipishana kwa siku moja. Sijaona mwanasiasa yeyote wa wakati ule aliyeziweka siku hizo mbili pamoja na kuuliza zilikuwa zinatufundisha nini.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Mipaka ilifungwa kwa watu na kuachwa wazi kwa mizigo, Kinshasa ikatengwa na majimbo, shule na makanisa yakafungwa, mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikapigwa marufuku, na mtaa wa Gombe ukawekwa karantini kuanzia tarehe 6 Aprili. Kilichofuata upande wa uchumi kinajulikana kidogo zaidi, nacho ndicho kinachotuhusu.

Nchi ilikuwa na serikali ya miguu miwili. Tshisekedi alikuwa na muungano wake wa CACH, wa UDPS na UNC. Mtangulizi wake Joseph Kabila alikuwa na FCC, yenye wingi mkubwa Bungeni na Senetini. Serikali ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba ilikuwa na watu 65, wa FCC 42 na wa CACH 23. Wizara ya Fedha ilikuwa ya FCC, Wizara ya Bajeti ya CACH, Wizara ya Afya ya CACH. Franka ya msaada ilipaswa kupita mikono ya watu ambao asubuhi wanakaa kwenye baraza moja la mawaziri na jioni wanashambuliana kwenye televisheni.

Serikali hiyo ilitangaza unafuu. Waziri Mkuu aliahidi maji na umeme bure kwa miezi miwili, wapangaji wasifukuzwe, na kodi ya ongezeko la thamani iondolewe kwa muda kwenye baadhi ya bidhaa za lazima. Kukaundwa Mfuko wa Taifa wa Mshikamano dhidi ya Korona. Benki ya Dunia ilitoa dola milioni 47 mwanzoni mwa Aprili, na tarehe 22 mwezi huohuo Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa haraka wa dola milioni 363.

Hebu tuuangalie unafuu ule tukiwa tumesimama hapa njia panda. Maji ya bure ni ya mtu mwenye bomba la REGIDESO. Umeme wa bure ni wa mtu mwenye mita ya SNEL. Katika Kongo nzima wakati ule, karibu mtu mmoja kati ya watano ndiye aliyekuwa na umeme, na vijijini walikuwa kama mmoja kati ya mia. Mama anayechota maji mtoni na kuwasha kibatari hakuwa na bili ya kusamehewa. Mpangaji aliyelindwa asifukuzwe ni yule mwenye mkataba. Na huku, katika mwaka uleule, kulikuwa na maelfu ya watu waliokuwa wamekimbia mapigano ya Djugu na mashambulizi ya barabara ya Beni, wakilala kwenye mahema na kwenye nyua za jamaa. Hao hawakuwa na mwenye nyumba wa kukatazwa kuwafukuza. Kodi iliyoondolewa ilikuwa kodi ya maduka yenye vitabu vya hesabu, na soko la Komanda si la vitabu. Sisemi kwamba hatua zile zilikuwa za uongo. Nasema zilipimwa kwa mwili wa mtu wa Kinshasa na Lubumbashi.

Ugomvi mkubwa wa msimu ule ungeweza kuwa juu ya jambo hilo. Haukuwa.

Ulianza na Katiba. Kifungu cha 85 kinampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya dharura baada ya kushauriana na Waziri Mkuu na wenyeviti wa vyumba viwili vya Bunge. Kifungu cha 119 kinasema vyumba hivyo viwili hukutana pamoja katika Kongresi ili kuidhinisha tangazo hilo. Tshisekedi alishika cha kwanza. Mwenyekiti wa Seneti, Alexis Thambwe Mwamba, na mwenzake wa Bunge la Taifa, Jeanine Mabunda, wote wa FCC, walishika cha pili na kutaka Kongresi iitwe, ili kilichotangazwa bila idhini kipate idhini.

Hapo ndipo Kabund alipoingia. Hakuwa mtu wa nje. Alikuwa makamu wa kwanza wa mwenyekiti wa Bunge la Taifa, yaani alikaa kwenye ofisi ileile na Mabunda, na wakati huohuo alikuwa kaimu mwenyekiti wa UDPS, chama cha Rais. Alisema kuiitisha Kongresi kungegharimu zaidi ya dola milioni 7, wakati nchi inahangaika kutafuta fedha za kupambana na ugonjwa.

Wabunge ni 500, maseneta 109. Ukigawa milioni 7 kwa vichwa vyao, kila mmoja anapata zaidi ya dola 11,000. Na watu 609 kwenye ukumbi mmoja, nchi ikiwa imekatazwa kukusanyika zaidi ya 20, lilikuwa jambo la kuhojiwa hata kama lingekuwa bure. Hesabu ile ilienea haraka kwa sababu kila mtu alielewa dola 11,000 ni kiasi gani. Wakuu wa vyumba viwili waliikana. Hata hivyo sikumbuki kuona mezani karatasi yenye gharama halisi ya kikao kama kile, wala kutoka kwa aliyetuhumu, wala kutoka kwa waliokana. Hapo wananchi walidhulumiwa na pande zote mbili. Hoja ya fedha za umma ilitupwa hewani na kuachwa ielee, na kila mmoja akaamini ya chama chake.

Mahakama ya Katiba ilimaliza upande wa sheria tarehe 13 Aprili: tangazo la Rais linalingana na Katiba. Kongresi haikuitwa. Hali ya dharura ikaendelea kuongezwa na vyumba viwili kila baada ya siku 15 hadi Julai. Mtu angedhani ugomvi umekwisha. Kumbe ndio kwanza ulikuwa unageuka kuwa wa heshima.

Mbunge Jean-Jacques Mamba wa MLC, chama cha Jean-Pierre Bemba, aliwasilisha ombi la kumwondoa Kabund kwenye ofisi ya Bunge, kwa madai kwamba maneno yake yameichafua ofisi hiyo. Angalieni mpangilio huo. MLC ilikuwa upinzani, haikuwa FCC wala CACH, lakini ndiyo iliyofungua mlango, na FCC yenye wingi wa viti ndiyo iliyopita. Siku chache kabla ya kura Mamba alikamatwa, akituhumiwa kwamba kati ya saini za ombi lake kulikuwa na ya kughushi. Bunge likapiga kelele juu ya kinga ya mbunge, wafuasi wa UDPS wakatoka barabarani Kinshasa, na tarehe 25 Mei 2020 kura ikapigwa. Wabunge 289 walikubali Kabund aondolewe.

Nimeisoma orodha ya matukio ya wiki ile mara nyingi, na kila mara nashikwa na uchungu uleule. Mwezi ule Ituri ilikuwa na Ebola ambayo haijatangazwa kwisha, korona iliyoanza, na wanamgambo wa CODECO wakichoma vijiji vya Djugu. Wabunge wa majimbo yote, wa Ituri wakiwamo, walikaa ukumbini wakijadili kama heshima ya ofisi ya watu saba imeguswa. Kabund alikuwa na haki ya kusema kwamba fedha za kikao zingefaa kwenda kwa wagonjwa, ila chama chake kilikuwa na Wizara ya Afya, na hakikutumia nguvu ileile kudai hesabu ya wizara hiyo. FCC ilikuwa na haki ya kusema Rais hapaswi kutawala kwa amri bila Bunge kumwangalia. Ila ilipopata nafasi ya kuangalia, iliangalia mdomo wa Kabund badala ya mifuko ya fedha. Julai kiti chake kikajazwa na Patricia Nseya, naye wa UDPS, na uwiano wa nguvu ndani ya ofisi ukarudi palepale ulipokuwa.

Ng'ambo ya mpaka wetu, Uganda, kulikuwa na ugomvi unaofanana, na kuulinganisha kunafundisha. Aprili 2020 Bunge la Kampala lilijitengea shilingi bilioni 10, milioni 20 kwa kila mbunge, eti kwa kupambana na korona majimboni kwao. Baadhi ya wabunge walikwenda Mahakama Kuu kupinga, Rais Museveni akalaani uamuzi huo waziwazi, na Spika Rebecca Kadaga akalitetea Bunge kwa ukali. Nako kulikuwa na siasa tele. Lakini kule kiasi kilijulikana, kila mbunge aliyepokea alijulikana, na swali lilikuwa moja: fedha hii ni ya nani kuigawa? Huku kwetu hatukufika kwenye swali hilo, kwa sababu fedha yenyewe haikuwahi kuwekwa mezani.

Iliwekwa baadaye kidogo, tena na mtu ambaye hakutarajiwa. Julai 2020 naibu waziri wa afya, Dakta Albert M'Peti Biyombo, alimwandikia Waziri Mkuu barua iliyovuja kwa waandishi wa habari. Alisema ndani ya wizara yake kuna mitandao ya kimafia inayopitisha fedha za korona, na kwamba wanaopewa zabuni hudaiwa warudishe sehemu yake kwa siri, hadi asilimia 35. Kwa maoni yangu barua hiyo ina thamani kuliko hotuba zote za Mei. Iliandikwa kutoka ndani, ikataja njia ya wizi, ikataja kiwango. Wakati huohuo wahudumu wa afya wa Kinshasa walikuwa wakilalamika kwamba hawajalipwa. Anayetaka kujua kwa nini msaada haukufika mbali aanze na hesabu ya M'Peti: fedha iliyokatwa theluthi kabla haijatoka Kinshasa ina nguvu gani ya kusafiri hadi Ituri?

Barua ile haikuitishiwa kura. Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, chini ya Jules Alingete, ulichunguza, na Agosti 2021 Eteni Longondo, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati wa hali ya dharura, akapelekwa Makala. Wiki chache baadaye aliachiliwa kwa muda. Ndivyo mawaziri wawili wa afya waliofuatana katika majanga mawili walivyopita gereza moja.

Maisha ya Komanda yalikuwa yakienda na mambo mengine kabisa. Uganda ilikuwa imefunga mipaka yake kwa wasafiri tangu Machi, kwa hiyo mfanyabiashara mdogo, hasa mama aliyezoea kuvuka mwenyewe na mtaji wake kiunoni, alibaki akisubiri lori la mtu mwingine. Franka ilianguka. Dola iliyonunuliwa kwa franka kama 1,700 mwanzoni mwa mwaka ilikaribia 2,000 kabla mwaka haujaisha, na bidhaa zetu nyingi hununuliwa kwa dola au kwa shilingi ya Uganda hata kama huuzwa kwa franka. Kati ya bei aliyonunulia na bei ambayo jirani angeweza kulipa, mama huyo alikula mtaji wake. Hakuna bili ya umeme iliyoweza kumsaidia. Angesaidiwa na fedha taslimu mkononi au mkopo wa bei nafuu.

Na fedha taslimu zilikuja kutolewa nchini. Kulikuwa na mradi wa STEP, wa fedha za Benki ya Dunia, uliobuniwa kwa ajili ya kuimarisha amani ya Mashariki, yaani huku kwetu. Kwa sababu ya korona mradi huo ulipewa tawi jipya, STEP-KIN, lililotuma fedha kwa simu kwa familia maskini. KIN ni Kinshasa. Siwaonei wivu maskini wa Kinshasa, na STEP haikuondoka Mashariki. Lakini chombo kilichotengenezwa kwa jina letu ndicho kilichoonyesha kwamba inawezekana kumfikia maskini moja kwa moja, kwenye simu yake, bila kupitia ofisi ya mkubwa, na kilianza kuonyesha hivyo kilomita zaidi ya 1,500 kutoka hapa. FCC haikupinga, CACH haikupinga. Hapo hawakuwa na ugomvi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Tarehe 6 Desemba 2020 Tshisekedi alivunja ndoa na FCC. Siku nne baadaye Mabunda aliondolewa kwa kura 281, katika ukumbi uleule uliomwondoa Kabund, na miongoni mwa waliompindua walikuwamo wabunge wa upande wake mwenyewe. Ilunkamba na Thambwe Mwamba waliondoka kabla Februari haijakatika. Kabund naye aligombana na Rais mwaka 2022, akaanzisha chama chake, akafungwa.

Mei 2021 kifungu cha 85 kilifunguliwa tena, safari hii kwa ajili yetu. Rais alitangaza état de siège katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, na wanajeshi wakachukua utawala wa majimbo hayo. Kongresi haikuitwa. Utawala huo uliongezwa kila baada ya siku 15, mwaka baada ya mwaka, na watu walewale waliokuwa tayari kuangushana kwa siku 30 za hali ya dharura ya korona waliunyoshea mkono. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 wauaji wa kundi la waasi la ADF waliingia Komanda, wakawakuta waumini kanisani katika mkesha wa sala, wakaua watu zaidi ya 40 na kuchoma maduka.

Chini ya utawala huo Bunge la jimbo lililokuwa Bunia lilisimamishwa, kwa hiyo chombo cha karibu ambacho kingeweza kuita viongozi wa afya na fedha wa Ituri na kuwataka hesabu ya korona hakipo. Wabunge wa taifa wa Irumu wapo. Kifungu cha 138 cha Katiba kinampa kila mmoja wao haki ya kumwandikia waziri swali na kudai jibu: kati ya fedha zote zilizotolewa kwa jina la korona tangu Machi 2020, ngapi zilipelekwa kwenye zone ya afya ya Komanda, zilipokelewa na nani, na zilinunua nini? Kuandika swali hilo hakugharimu dola milioni 7.